Siku Mwambale na Kilimbani Walipopashana

Mkwe wangu, Bi Sichana, ni somo. Asiyemjua somo basi ajue kuwa ndiye anayefungiwa chumbani na biharusi akamwambia yale yote ambayo mama mzazi anayaonea haya: mwili, jasho, kujisafisha, mume akinuna, mume akikoroma. Kazi hiyo kaifanya tangu mimi sijazaliwa, na wallahi imemharibu. Mtu aliyezoea kusema yasiyosemwa hawezi tena kuufunga mdomo mahali popote. Sokoni Mkokotoni atamwambia muuza samaki, mbele za watu, kuwa changu wake kalala na yeye mwenyewe hajaoga. Mimi mkaza mwanawe nimesimama pembeni na kikapu, natamani nijifunike buibui mpaka miguuni.

Jina langu Tahiya. Nimeolewa Mwambale, lakini kwetu ni Kilimbani, na mtu wa kaskazini Unguja akisikia hivyo huguna, kwa sababu miji hii miwili imetenganishwa na bonde tu na haijapatana tangu zamani. Mwambale wana soko, nyumba za wageni na mapaa ya vigae. Kilimbani wana ardhi na minazi. Huku Mwambale naitwa mtu wa Kilimbani, nikenda kwetu naitwa bibi wa Mwambale, na kote kuwili nnatakiwa nicheke.

Sasa lililotukutanisha ni jambo lisilosemwa penye chakula. Mavi. Nilitaka kuandika majitaka tangu mwanzo, Bi Sichana akakataa. Kasema, "Andika lenyewe, wapate kushtuka." Basi nshaandika, na kuanzia hapa ntasema majitaka.

Mwambale nyumba zimebanana na karo za vyoo, yaani mashimo yake, zimejaa. Gari la kunyonya lilikuwa likija mara moja moja, na likishajaa halina mahali halali pa kumwaga. Masika ikiingia, karo hufurika, maji yanateremka bondeni na kuingia visimani, vyetu na vya Kilimbani. Miaka mitatu nyuma kikaja kipindupindu. Mwanangu Wanu alikuwa na miaka mitano. Aliamka mzima, mpaka adhuhuri macho yameshaingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi. Tukampeleka kambini, kwenye mahema waliyoyasimamisha watu wa afya. Bibi yake akakaa naye akimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, na hapo ndipo nilipomwona Bi Sichana kanyamaza kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikaogopa zaidi kwa ule ukimya kuliko kwa maradhi.

Wanu alipona, alhamdulillahi. Kitanda cha pili palikuwa na mtoto wa Kilimbani, naye hakupona. Siku tuliyotoka, Bi Sichana alisimama mlangoni mwa hema akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu harudi tena humu. Mimi sitaki jengine duniani." Visima vikafungwa kwa minyororo, tukawa tunanunua maji ya madumu.

Haukupita muda mrefu serikali ikaja na mpango. Kila mji peke yake ni mdogo mno kujengewa, kwa hivyo Mwambale na Kilimbani wapange pamoja: magari mawili ya kunyonya, na mabwawa ya kuyasafishia majitaka pahala pamoja, yapite bwawa hadi bwawa, yapite kwenye matete, mpaka mwisho yawe maji ya kumwagilia miti. Pahala palipoonekana panafaa ni Kilimbani, penye vichaka chini ya bonde. Aliyeletwa kusimamia ni injinia Nasima, msichana wa Mji Mkongwe, mpole, kavaa raba, muda wote anaomba radhi kwa kutusumbua.

Kilimbani wakampokea kama walivyolelewa. Wali wa nazi, changu wa kupaka, maembe ya kumenywa. Na hapo kwenye sinia ndipo Nasima alipouliza: hapa kwenye vichaka pana tatizo lolote, wazee wangu? Wazee wakajibu, "Hakuna neno, mwanetu." Mtu wa Kilimbani hawezi kumwambia mgeni la, na mgeni ana tonge mkononi. Atakubali chochote. Ukimwomba paa la nyumba yake atakwambia ngoja ule kwanza, kisha chukua ngazi.

Nasima akaenda akapiga vigingi vyake. Wiki ya pili karudi, havipo hata kimoja. Akapiga vyengine. Vikang'olewa. Akaitisha mkutano, watu wakaja kwa kanzu na mabuibui mazuri, wakasema hewala, hakuna neno, mpango mzuri, Mungu akubariki. Vigingi vikang'olewa. Mkutano wa pili vilevile, na wa tatu. Hakuna mtu wa Kilimbani aliyefungua kinywa akasema hataki.

Huku Mwambale damu zikachemka. Wanaume barazani wakasema Kilimbani ni wivu tu. Vijana wakasema wataenda kulala na marungu kulinda vigingi. Harusi zikaacha kualikana. Na mimi nikipita, watu wananyamaza, utadhani vigingi nimevificha ndani ya khanga. Nilikwenda kwetu nikamuuliza shangazi yangu Bi Duni, dada yake baba, kuna nini. Akaniuliza kama nimekula.

Ikaja khabari kuwa Nasima kapewa muda wa kabla ya Ramadhani tu. Miji hii isipokubaliana, mpango utapelekwa kwengine, na sisi tungoje zamu, na zamu zenyewe mnazijua. Masika iko mbele yetu. Bi Sichana aliposikia aliacha kijiko ndani ya sufuria akaniambia, "Vaa, twende mjini."

Tukapanda daladala, tukateremka Darajani, tukakata kwa miguu mpaka ofisini kwa Nasima. Alikuwa kakaa mbele ya ramani, macho mekundu. Akamwamkia shikamoo, Bi Sichana akaitikia marahaba na papo hapo akaanza.

"Wewe mtoto, unataka kutuacha?"

"Sitaki, bibi. Lakini kila ninayemuuliza ananiambia ndiyo. Nikigeuka, vigingi havipo. Sijui nimewakosea nini."

"Hukuwakosea kitu. Watu wa Kilimbani nawajua, nimewafunda wari wao. Wana kijicho, na hawakupata mtu wa kuwatia adabu. Nipe Alhamisi moja baada ya alasiri, uwanja wa skuli. Nitawapa vidonge vyao."

"Mkutano mwengine?"

"Mkutano wa nini? Kidumbak, ngoma ya vijembe. Tupashane kwa nyimbo."

Nasima akanigeukia mimi, kama kwamba nina la kusaidia. Nikamwambia ukweli, kuwa Bi Sichana akishasema hivyo hakuna wa kumzuia. Moyoni nilikuwa nalia. Shangazi yangu Duni ndiye mwimbaji mkubwa wa Kilimbani, na hawa wawili wakipashana mimi ntakaa upande gani?

Alhamisi uwanja ulijaa. Wanawake wa Mwambale upande mmoja, wa Kilimbani upande wa pili, wote kwa sare, maana hata kutukanana kuna mavazi yake. Katikati dumbaki, fidla na sanduku la besi la kamba moja. Wanaume walikaa nyuma kwenye ukuta, wamejifanya wanapita njia. Nasima alikaa mkekani mbele, na ramani yake kaikunja mapajani. Mimi nilikaa karibu naye na Wanu, si huku wala si kule.

Bi Duni akaanza. Mwembamba, sauti yake nzito, anaimba bila ya kutikisa hata ukosi.

*Mwambale mwatamba sana, kwa nyumba za vigaeni,*
*Mwala vyenu mwashibana, hamtwiti karamuni,*
*Leo ndipo twajuana, kwa yatokayo chooni.*

Kilimbani wakapasua vigelegele. Hata upande wetu wako waliojificha nyuma ya mitandio wakacheka, maana kidonge kilikuwa kitamu ingawa kichungu. Bi Sichana akafunga kibwebwe, akaingia katikati.

*Kilimbani mwajituma, kwa hewala barazani,*
*Wageni wakisimama, mwanung'unika nyumbani,*
*Lenu nini la kusema? Litoeni hadharani.*

Wakaenda hivyo raundi kwa raundi. Mwambale waliambiwa wanazika bila ya kualika. Kilimbani waliambiwa wanakubali kwa ulimi na kukataa kwa mikono, mchana hewala, magharibi wanang'oa vigingi. Yaliyokaa rohoni miaka na miaka yakatoka yote, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kila wakicheka naona mabega yanashuka. Bi Sichana akapandwa na mori. Akamkaribia Bi Duni uso kwa uso, akaacha wimbo, akasema kwa maneno makavu:

"Duni, wacha mashairi. Kichaka cha mipera pori na nyoka, mnakionea uchungu wa nini? Kuna dhahabu humo?"

Bi Duni alifumbua kinywa aimbe. Ukatoka mstari mmoja tu.

*Hapo mwataka kuchimba, ndipo alipo mamangu.*

Fidla ikanyamaza. Mpiga dumbaki akaacha mikono hewani. Bi Duni alisimama pale pale, machozi yanamteremka, na hakuyafuta.

Akasema pole pole. Ilipoingia ndui, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, waliokufa hawakuzikwa makaburini na wenzao. Walipelekwa mbali, kule kwenye vichaka, haraka haraka, wengine bila ya kuoshwa inavyopasa, kwa kuogopa maradhi. Hawakuwekewa mawe. Waliobaki walilionea haya jambo lile, hawakuwasimulia watoto. Lakini waliokuwa wakubwa wanajua, na kila mwaka kabla ya Ramadhani wanakwenda wachache, kimya kimya, kuwaombea dua.

Mama yake Bi Duni ni bibi yangu mzaa baba. Niliambiwa kafa kwa homa. Nimekata kuni katika vichaka vile utoto wangu wote, nimekaa kula mapera pale, na hakuna aliyenambia.

"Mbona hamkusema?" Nasima aliuliza. "Ningehamisha siku ile ile. Nilikuulizeni."

Mzee mmoja ukutani akajibu, "Ulikuwa unakula, mwanangu."

Bi Sichana alikuwa bado kasimama mbele ya Bi Duni. Alifungua kibwebwe chake, akamfuta nacho mwenzake machozi, kisha akakaa naye chini kwenye mchanga, upande wa Kilimbani. Wanawake wa Mwambale wakatazamana. Mmoja akaenda akakaa. Wakafuata wengine, mpaka hukujua tena upande ni upi, na sare zikachanganyika.

Nasima akaitandaza ramani yake juu ya mkeka, watu wakaizunguka. Akasema kwanza makaburi yatazungushiwa ukuta na hapaguswi. Halafu akawa anapitisha kidole, anafikiri. Mteremko ukitaka kuufuata, kuna pahala pengine pamoja tu ambapo maji yatajiendea yenyewe. Juu ya bonde, ng'ambo ya njia. Upande wa Mwambale.

"Nyuma ya nyumba ya nani?" mtu akauliza.

Nikajua kabla hajajibu. Nyuma ya nyumba yetu.

Watu wote wakamgeukia Bi Sichana. Mfanyabiashara mmoja wa Mwambale, mwenye nyumba za wageni, akadakia kutoka ukutani, "Bi Sichana ni mtu wa watu. Hakuna neno."

"Hakuna neno kwako wewe unayekaa sokoni," alimjibu bila ya kumtazama. Jamani, nilimwonea huruma. Mtu kawatukana wenziwe jioni nzima kwa kukataa kichinichini, na sasa limemfika mlangoni kwake. Akisema ndiyo kwa upole, atakuwa kafanya walivyofanya wao. Akisema la, mpango umekwenda, na masika hiyo inakuja.

"Sitaki," alisema.

Nasima akainua kichwa kutoka kwenye ramani.

"Sitaki. Naogopa harufu. Naogopa mbu. Mimi maharusi wanakuja kwangu wamejifukiza udi, naogopa wasije tena. Naogopa kuitwa Sichana wa mavini, na nikifa watu waje kunizika wameziba pua. Haya, nimesema langu. Sasa nambieni mtafanya nini, maana mtoto yule pale," akamnyooshea Wanu kidole, "harudi kwenye hema."

Hakuna mkutano uliowahi kwenda kama ule. Kila mtu alisema lake lililo kweli, na Nasima kwa mara ya kwanza akawa na cha kujibu. Harufu iko kwenye shimo la mwanzo, basi shimo hilo lifunikwe. Mabwawa yasogezwe chini, mbali na nyumba. Ipandwe safu ya miti, na watu wakabishana miti gani. Mbu wanataka maji yaliyosimama, na haya yatakuwa yanatembea. Mtu wa nyumba za wageni aliambiwa vyoo vya wageni wake vitasubiri zamu ya gari kama choo cha mtu mwengine yeyote, naye akameza mate akakubali. Kisha Bi Duni akainua mkono.

"Bwawa la mwisho liwe kwetu Kilimbani, chini, mbali na makaburi. Mwambale wachukue la mwanzo, sisi la mwisho. Hapo mpango utakuwa wetu sote, na hakuna atakayesema kamwagiwa."

Bi Sichana akamkazia macho. "La mwisho ndo lenye maji safi."

"Naam," alisema Bi Duni.

"Mnajua kuchagua, nyinyi."

Watu wakaangua kicheko, na Bi Sichana mwenyewe akacheka, akamsukuma mwenzake kwa bega. Halafu akamwita Wanu, akamkalisha mapajani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani, "Basi nimekubali. Na safari hii mtu akisema kakubali, kakubali."

Nasima aliomba mikono. Ikanyanyuka ya Mwambale na ya Kilimbani, ya wanaume waliojifanya wanapita njia, na ya Wanu pia ingawa hakuhesabiwa. Mimi nilinyanyua wangu, na hakuna aliyeniuliza naunyanyua kwa niaba ya nani. Imamu akaomba dua fupi, akawaombea na wale waliolala vichakani, kwa majina yao, mmoja mmoja, Bi Duni akimtajia. Watoto wao, watu wazima wenye mvi, waliyasikia majina yale hadharani kwa mara ya kwanza. Mwezi ule ule, vijana wa Mwambale waliokuwa wakitishia marungu ndio waliokwenda kubeba mawe ya ukuta wa makaburi.

Tulipokuwa tunainuka, Bi Duni akampigia mpiga dumbaki ukope. Alikuwa na kidonge kimoja bado.

*Na bwawa tulipe jina, litajwe hata mjini,*
*Liitwe la Bi Sichana, somo wetu wa bondeni.*

Kelele iliyopigwa hapo ilisikika Mkokotoni, nadhani. Bi Sichana alisimama kiuno kashika, anatafuta jibu, na kwa mara ya pili katika maisha yangu nikamwona hana la kusema. Lakini safari hii alikuwa anatabasamu. Mabwawa yalipokwisha kujengwa, siku bango lilipokuja, limeandikwa Mabwawa ya Bi Sichana, alikwenda kulitazama, akamwambia fundi herufi ni ndogo, arudie.

Maharusi hawakumkimbia. Wanakuja zaidi, wa huku na wa kule, na kila mmoja Bi Sichana humtembeza mpaka kwenye matete akamwonesha maji yanavyoingia na yanavyotoka, akamwambia nyumba huanzia chooni, mume baadaye.

Masika ya mwaka huu ilinyesha vibaya. Njia zilikatika, minazi ilianguka. Karo hazikufurika. Gari zilikuwa zimepita nyumba kwa nyumba kabla ya mvua, Mwambale na Kilimbani, bila ya kubagua. Watu wa afya wakaja na mahema yao garini, wakapima maji ya visima, wakapima tena, wakakaa wiki nzima wanangojea wagonjwa. Hakuja hata mmoja. Wakaondoka na mahema yao hayajafunguliwa kamba, na kabla ya kuondoka wakaukata mnyororo wa kisima.

Palikuwa na wanawake wa miji yote miwili pale, na ndoo zao. Bi Sichana aliteka mwenyewe. Akanywa kwanza yeye, akangoja kidogo, kisha akajaza kikombe akampa Wanu. Mtoto alikunywa kwa pupa, akarejesha kikombe, akasema anataka tena. Bibi yake akamtekea tena. Halafu akakaa chini kwenye matope na leso yake nzuri, akalia kwa sauti kubwa bila ya kumwonea haya mtu yeyote, na Bi Duni akakaa pembeni yake huku sisi wengine tukipiga vigelegele.